Dozi chache, mikoa mingi: kipindupindu kikilipuka, nani apelekewe kwanza?

Mwalo (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila ugonjwa unapolipuka, mabishano ya mgawo yanaishia palepale: mkoa wetu umeonewa, mkoa wenu umependelewa. Naomba safari hii tulichambue jambo lenyewe. Nachukua kipindupindu, kwa sababu ndio ugonjwa ambao tumeona dunia nzima ikilazimika kugawa kidogo kilichopo, na takwimu zake ziko wazi kwa kila mtu.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha akiba ya dunia ya chanjo ya kunywa ya kipindupindu. Ilianza na dozi milioni 2. Nchi ikipata mlipuko inapeleka maombi, na maombi yanaamuliwa na kamati ya wanne: WHO, UNICEF, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) na shirikisho la vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Kamati hiyo iliundwa 1997 baada ya milipuko mikubwa ya homa ya uti wa mgongo barani Afrika, na inatakiwa itoe jibu ndani ya siku 2 za kazi.

Mwaka 2022 hali ikabadilika. Kufikia Oktoba nchi 29 zilikuwa zimetoa taarifa za kipindupindu, wakati wastani wa miaka mitano ya nyuma haukufika 20. Viwanda vilivyokuwa vinalisha akiba hiyo vilikuwa viwili tu, kimoja India na kingine Korea Kusini, na kile cha India kilishatangaza kwamba kinaacha kuzalisha. Tarehe 19 Oktoba 2022 ukatoka uamuzi: badala ya dozi mbili kwa mtu, kila mtu apate moja. Kuanzia Januari 2023 hadi Januari 2024 nchi 14 ziliomba dozi milioni 76. Zilizokuwepo zilikuwa milioni 38, na utaratibu wa dozi moja ulikuwa tayari unatumika.

Kwa hiyo kuna nchi zilizokosa, na ndani ya nchi zilizopata kuna wilaya zilizokosa. Hapo ndipo nataka tukae.

Msimamo wangu ni huu: kosa kubwa tunalofanya ni kuweka kila kitu kwenye fungu moja na kukigawa kwa kipimo kimoja, yaani idadi ya wagonjwa walioripotiwa. Dripu na ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa) ni za mtu aliyekwishaugua, kwa hiyo zifuate wagonjwa walipo leo. Chanjo ni ya mtu ambaye bado hajaugua. Kampeni yake inachukua siku nyingi kuandaliwa, na mwili nao unahitaji siku kadhaa kujenga kinga. Ukiipeleka mahali palipowaka wiki tatu zilizopita, unawachanja watu ambao ugonjwa umeshawapitia. Iende unakoelekea ugonjwa. Vipimo na watu wa kufuatilia wagonjwa wana njia yao ya tatu kabisa: waende mahali ambapo hakuna taarifa.

Malawi inaonyesha ugumu wa hili. Mlipuko ulitangazwa Machi 2022 upande wa kusini, na Mei chanjo ikaanzia wilaya za kusini. Novemba nchi ilipata dozi milioni 2.9 nyingine. Kilele chenyewe kilikuja Januari na Februari 2023, mvua zikinyesha, Lilongwe na Blantyre zikielemewa hadi shule za miji hiyo zikachelewa kufunguliwa. Mlipuko ulipotulia, wagonjwa walikuwa karibu 59,000 na waliofariki zaidi ya 1,700. Silaumu waliokuwa wanaamua. Walikuwa na dozi chache na ugonjwa unaotembea haraka kuliko malori yao. Lakini nchi yoyote inayopanga leo haina sababu ya kufuata ramani ya jana.

Karibuni.

Bwana Kasulu

Mkuu Mwalo, uzi mzuri, ila mimi napinga. Mgawo sawa kwa kila mkoa una kazi yake. Sisi wa pembezoni tunajua kinachotokea mgawo ukiachwa "ufuate wagonjwa". Wagonjwa wanaonekana pale penye maabara. Mjini mtu mmoja akiharisha, kesho kuna majibu na waandishi wa habari. Huku kwetu mpaka sampuli ifike mkoani, watu wameshazikwa.

Kumbukeni Kagunga, Mei 2015. Wakimbizi kutoka Burundi walijaa kwenye kile kijiji cha ufukweni hapa Kigoma, makumi ya maelfu ya watu, milima nyuma na ziwa mbele, barabara hakuna. Kipindupindu kikaingia. Wagonjwa walizidi 3,000 ndani ya muda mfupi, na njia ya kuwatoa watu ilikuwa maji: meli ya Liemba na boti. Kila dripu iliyofika pale ilipita ziwani. Mkoa wenye akiba yake ndani ya mkoa hausubiri huruma ya mtu.

Nesi wa Zamu

Naweka kambi hapa. Nikitoka zamu nitarudi na la kwangu.

Mwalo

Bwana Kasulu, nakubaliana nawe kuhusu tatizo. Nakataa dawa unayopendekeza, angalau kwa upande wa chanjo.

Fanya hesabu. Tuseme nchi imepata dozi milioni 1, na tunazigawa sawasawa kwa mikoa 26 ya Tanzania Bara. Kila mkoa unapata kama dozi 38,000. Mkoa wa watu milioni 2 unakuwa umechanja chini ya asilimia 2 ya watu wake. Hapo huzuii kitu popote. Chanjo ya kipindupindu ina faida mbili: inamkinga aliyekunywa, na watu wakichanjwa wengi katika eneo moja, hata ambaye hakuchanjwa anapata nafuu kwa sababu vinyesi vyenye vimelea vinapungua kwenye maji. Faida ya pili inapatikana tu ukiwa umechanja sehemu kubwa ya watu wa eneo lile. Ukisambaza kidogo kidogo kila mahali, unaitupa.

Ila ORS, klorini, vitanda vya kambi na dripu za kuanzia, hapo niko upande wako kabisa. Viwekwe kila wilaya kabla ya mvua. Havihitaji ubaridi wa chanjo, vinakaa muda mrefu, na ugonjwa huu unaua ndani ya saa chache. Lori likitoka Bohari ya Dawa baada ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa, wa pili na wa tatu hawatalisubiri.

BintiShehia

Assalaam alaykum. Hilo la faida ya pili sisi Zanzibar tulilishuhudia. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa ilitolewa kwenye shehia (ngazi ya chini ya utawala huku kwetu) zilizochaguliwa, Unguja na Pemba. Hawakugawa visiwa vizima. Walikwenda kwenye zile zilizokuwa zinaumwa mara kwa mara. Waliolengwa walikuwa kama 48,000, na karibu nusu yao walimaliza dozi mbili. Ugonjwa ulipokuja, waliochanjwa walikuwa na kinga ya karibu asilimia 79, na katika mitaa iliyochanja wengi hata kati ya wasiochanjwa walioumwa walikuwa wachache kuliko kwingine.

Lakini nataka kuuliza jambo ambalo wengi wenu hamligusi. Shehia ya jirani isiyochaguliwa ilielezwaje? Maana mama anaona wenzake ng'ambo ya njia wanapewa, yeye anaambiwa wewe si wa orodha hii. Asipoelezwa vizuri, safari ijayo akiletewa atakataa. Nimeona watu wakisema, "Walipoitaka wakubwa hatukupewa, sasa wanatuletea ya nini?" Namna ya kuchagua maeneo isemwe hadharani kabla ya siku ya kampeni, na sheha awe wa kwanza kuijua, asiipate kwa kusikia.

Mwalo

Wa alaykum salaam, dada yangu. Umesema kweli, na nakazia. Kigezo kikitangazwa kabla, watu wanakibishia kigezo. Kikitangazwa baada ya orodha, wanabisha kuhusu nani anamjua nani.

MtuWaTana

Wadau, kutoka Kenya. Hapa kwetu afya iko chini ya kaunti tangu 2013, lakini chanjo na maombi ya akiba ya dunia ni ya serikali kuu. Mlipuko wa Oktoba 2022 ulianzia Kiambu, kwenye sherehe ya harusi kule Limuru, na ukasambaa mpaka maeneo ya ukame. Chanjo ilipofika Februari 2023 ilipelekwa Nairobi, Tana River, Garissa na Wajir. Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa mzuri: mji mmoja mkubwa wenye mitaa iliyobanana, na kaunti tatu zilizokauka, zenye wakimbizi na njia za mifugo.

Shida yangu ni idadi ya watu. Unagawa dozi kwa hesabu ya watu wa eneo, halafu wafugaji wamehama na ngamia wao kufuata maji. Kwenye karatasi lokesheni ina watu elfu tano, ukifika unakuta manyatta matupu. Ukienda kwenye kisima kilomita sitini mbele unakuta umati ambao hauko kwenye orodha yako. Na kipindupindu kiko pale kisimani. Nadhani katika nchi za wafugaji mgawo ufuate visima na mabwawa. Kumbukumbu za kaunti ziwe za kuanzia tu.

Ndugu wa Birere

Jambo wandugu. Mimi ni mtu wa Goma. Huyu wa Tana amesema neno ambalo nilitaka kulisema.

Ninyi munaongea mikoa, wilaya, kaunti. Kwetu kipindupindu kinafuata ziwa. Goma na Bukavu ziko kwa Ziwa Kivu. Uvira na Kalemie ziko kwa Tanganyika, na ng'ambo ya maji ni Bujumbura na Kigoma. Mvuvi wa Kalemie na mvuvi wa Kigoma wanakutana ndani ya maji kuliko anavyokutana na waziri wake. Lakini chanjo inaombwa na nchi. Kila nchi inaandika maombi yake, kila moja kwa wakati wake. Unachanja upande mmoja wa ziwa, upande mwingine unabaki, na boti zinaendelea kutembea kila usiku.

Tena, mwaka 1994, mwezi wa saba, wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma, karibu milioni moja kwa siku chache tu. Mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Udongo wa Goma ni mawe ya volkano, kuchimba choo hakuwezekani, kuchimba kaburi hakuwezekani. Kile kilichokosekana kwanza kilikuwa maji safi. Watu walikunywa ziwa lenyewe. Wazee wetu wanasema dawa zilianza kushuka kwenye uwanja wa ndege wakati watu walikuwa tayari wamelazwa kando ya barabara. Musisahau maji kwenye hesabu zenu. Lori la maji nalo linagawiwa, na ndilo linaamua ni wangapi watahitaji dripu.

Na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa kwa sababu ya vita ya Januari 2025. Ukinipa dozi elfu mia moja kwa karatasi, nitazipitisha wapi, na nani atazipokea? Anayeamua mgawo anapaswa kuongea na kila mwenye bunduki kwenye njia, apende asipende.

Mwalo

Ndugu wa Birere, hili la ziwa umenifungua macho. Nilikuwa nafikiria mikoa ndani ya nchi tu. Mkakati wa dunia wa 2017, unaolenga kupunguza vifo vya kipindupindu kwa asilimia 90 ifikapo 2030, unazitaka nchi zitambue maeneo yao sugu mapema. Ukiyaweka maeneo sugu ya Kongo, Burundi na Tanzania kwenye ramani moja, mengi yanapanga mstari kwenye mwambao wa maziwa. Maombi ya pamoja kwa bonde moja la ziwa, yenye tarehe moja ya kampeni, yangetumia dozi zilezile kwa faida kubwa zaidi. Kwa chakula na mafuta nchi zetu zimekaa meza moja mara nyingi. Kwa hili sioni kizuizi kisichoondoleka.

Dkt. Mkorosho

Habari zenu. Naongeza upande wa matibabu, maana uzi unaelemea kwenye chanjo.

Mgonjwa aliyeishiwa maji vibaya, mwenye kilo 50, anahitaji lita 5 za Ringer (maji ya dripu) ndani ya saa 3 za mwanzo. Hizo ni chupa 10 za nusu lita, kwa mtu mmoja, kabla hujafikiria zitakazofuata. Sasa chukua kituo cha afya ambacho kawaida kinatumia chupa hizo kwa wiki nzima. Wagonjwa watano wakiingia usiku mmoja, stoo imekwisha alfajiri.

Lakini takriban wagonjwa 8 kati ya 10 wanaweza kutibiwa kwa ORS peke yake. Kwa hiyo mgawo wa dripu haupaswi kufanywa kwa idadi ya wagonjwa wote; ufanywe kwa idadi ya walio taabani. Kituo kinachotundikia dripu kila anayeingia kwa sababu ndugu wanaona ORS ni dharau, kinamaliza ya wenzake. Hapa wa kubadilika ni sisi wahudumu.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika Bangaon upande wa India. Dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi, glukosi na soda ya kuokea kwenye mapipa, na ndugu za wagonjwa wakawa wanachota na kuwanywesha. Vifo vilivyokuwa kama asilimia 30 vikashuka chini ya 4. Wakati huo wakubwa wengi wa tiba waliona dawa hiyo haifai kuachiwa watu wasiosomea. Mahalanabis alifariki Oktoba 2022, mwezi uleule ambao dunia ilipunguza dozi za chanjo. ORS ndicho kitu pekee kwenye orodha hii ambacho tunaweza kukisambaza sawa kila kijiji bila kumnyima mtu, na bado mlipuko ukija unakuta kimeisha dukani na kwenye zahanati.

Kijana wa Takwimu

Dokta, na ile hoja ya kupunguza dozi yenyewe? Kinshasa 2016, homa ya manjano, walitumia sehemu moja ya tano ya dozi na wakachanja zaidi ya watu milioni 7. Kwa nini kipindupindu wasingefanya vile badala ya kukatisha dozi ya pili?

Dkt. Mkorosho

Ile ya Kinshasa ilikuwa sindano ya mililita 0.1 badala ya 0.5, na kulikuwa na ushahidi kwamba hata kiasi hicho kinatoa kinga. Akiba ya dharura ya dunia ilikuwa dozi milioni 6, nayo ilishamalizwa na Angola na kwingineko. Kwa kipindupindu ushahidi uliokuwepo ulihusu dozi kamili moja. Lusaka 2016 ilitolewa kwa dozi moja na kinga ya muda mfupi ikaonekana kufika karibu asilimia 89. Jaribio kubwa la Dhaka lilionyesha kiwango cha chini zaidi: asilimia 40 kwa ugonjwa wote, 63 kwa ule mkali, na kwa watoto chini ya miaka mitano kinga ilikuwa hafifu sana.

Mwalo

Hesabu ya dozi moja ni hii, kwa wanaouliza. Ukiwa na dozi milioni 1, unaweza kuwapa watu nusu milioni kinga nzuri au watu milioni nzima kinga pungufu. Dozi moja ikitoa zaidi ya nusu ya kinga ya dozi mbili, kuwapa wengi moja moja kunaokoa maisha mengi zaidi kwa mlipuko ulio mbele yako. Kwa hiyo uamuzi wa 2022 naona ulikuwa sahihi.

Lakini gharama yake ipo. Dozi mbili zinakinga angalau miaka 3, moja inahesabiwa miezi 6 hivi. Na watoto wadogo, ambao ndio wepesi wa kuishiwa maji, ndio waliopoteza zaidi. Eneo lililochanjwa dozi moja lirudishwe kwenye orodha kabla ya masika mengine. Lisihesabiwe kwamba limeshapata haki yake. Hapo ndipo mipango mingi inapokatika: eneo linapigiwa tiki mara moja na kusahauliwa.

Bwana Kasulu

Hayo yote sawa, lakini hujajibu hoja yangu ya kwanza. Asiye na maabara haonekani. Utapelekaje chanjo "unakoelekea ugonjwa" kama hujui ulipo?

Mwalo

Nilikuwa naiacha kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Mgawo unaofuata taarifa unamlipa anayejua kuhesabu, na wakati mwingine taarifa hiyohiyo inamwadhibu aliyeitoa. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna kumbukumbu hiyo. Mwishoni mwa 1997 kipindupindu kilikuwa Afrika Mashariki, na Jumuiya ya Ulaya ikazuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Katazo liliendelea mpaka katikati ya 1998. WHO yenyewe ilisema hakukuwa na sababu ya kiafya ya hatua ile. Viwanda vya minofu ya sangara vikasimama, na wavuvi ambao hawakuumwa hata tumbo wakakosa mnunuzi. Tangu hapo kila kiongozi wa ukanda huu anajua neno "kipindupindu" lina bei. Ziko nchi ambazo kwa miaka mingi zimeandika "kuhara kwa majimaji" na kuishia hapo. Zikifanya hivyo, wanaokosa dozi ni watu wa vijiji vile; waandishi wa taarifa hawaumwi.

Ngazi ya chini ni vilevile. Nimefanya kazi ya takwimu za afya kwenye wilaya moja ambayo sitaitaja. Kulikuwa na kata zilizokuwa hazitumi taarifa kabisa, na kwenye ramani ya rangi zilitoka nyeupe. Kikaoni watu walizisoma kama kata salama. Mgawo ukapita juu yao. Nilipopata nafasi ya kufika kwenye mojawapo, mhudumu wa zahanati alikuwa mmoja, simu yake haina salio, fomu zimeisha, na nyuma ya zahanati kulikuwa na watu wamelala kwenye mikeka.

Ndio maana nasema vipimo vya haraka na wafuatiliaji viende palipo kimya. Na kwenye kila mgawo ibakizwe sehemu, tuseme moja ya tano, isiyo ya mkoa wowote, kwa ajili ya eneo litakalogunduliwa wiki ijayo.

Nesi wa Zamu

Nimerudi. Mwalo, kaka yangu, hiyo moja ya tano unayoibakiza nitakukatalia.

Nimefanya kazi kambi ya kipindupindu. Dripu zilipotuishia usiku, tulijua kabisa kwamba stoo ya juu kuna boksi zimehifadhiwa "kwa dharura". Mama amelala kwenye kitanda cha tundu, ndoo chini, macho yameingia ndani, mshipa haupatikani. Hiyo ndiyo dharura yenyewe. Tulimwingizia ORS kwa mpira wa puani na akapona, namshukuru Mungu, lakini si wote. Utamwambiaje ndugu wa mgonjwa kwamba dawa ipo ila ni ya mtu ambaye bado hajaugua?

Dkt. Mkorosho

Dada yangu, nakuunga mkono kwa dripu. Nadhani Mwalo alimaanisha chanjo.

Mwalo

Nesi, pole kwa usiku huo, na asante kwa kunirekebisha, maana sikutenganisha vizuri. Dripu isibakizwe hata moja wakati kuna mgonjwa taabani. Ikibaki stoo ni kosa. Chanjo ndiyo naomba ibakizwe, kwa sababu aliyelazwa haitamsaidia. Hana anachonyimwa kitandani pale. Na vipimo vibakizwe.

Hata kwa chanjo hakuna jibu lisilo na maumivu. Lusaka, Januari 2024, uwanja wa mpira wa Heroes uligeuzwa kambi, watu zaidi ya 700 walifariki katika mlipuko ule, na wengi waliishia majumbani kabla ya kufika kwenye matibabu. Mtu akikwambia wakati ule ubakize dozi kwa ajili ya wilaya ambayo haina mgonjwa, utamwona hana moyo. Lakini ugonjwa ulishatoka mjini na kuingia mikoani, na huko ukaua watu ambao majina yao hayakufika kwenye habari.

BintiShehia

Basi anayeshika funguo ya hiyo akiba asiwe mtu mmoja, na kila dozi ikitoka iandikwe imekwenda wapi na kwa sababu gani, ibandikwe ofisi ya wilaya. Bila hivyo hiyo moja ya tano itakuwa ya wenye majina.

Ndugu wa Birere

Na kama zoni ya afya iko upande wa pili wa mstari wa vita, sehemu yake isigawiwe wengine kwa kisingizio kwamba haifikiki. Ishikwe muda unaojulikana, wapatanishi wajaribu, ndipo iende kwingine.

Kijana wa Takwimu

Swali la kiufundi kwa Mwalo na Nesi. Utajuaje kata ni kimya kwa sababu iko salama, na ipi ni kimya kwa sababu hakuna wa kuripoti? Kwenye mfumo zote zinatoka tupu.

Nesi wa Zamu

Kwa kuandika sifuri, mdogo wangu. Kwenye mlipuko kila kituo kinatakiwa kitume taarifa kila siku hata kama hakuna mgonjwa. Kituo kilichotuma 0 kimemwona mtu, kimeuliza, kimehesabu. Kituo kisichotuma kitu hujui lolote juu yake. Shida ni kwamba watu wa juu wanaona kutuma sifuri ni kupoteza salio, na hiyo hela ya salio inatoka mfukoni kwetu.

Mwalo

Hapo ndipo ningeanzia kama ningepewa wilaya leo. Salio la simu kwa kila zahanati, lilipwe na wilaya kabla ya mvua. Ramani iwe na rangi mbili tofauti, moja ya sifuri na moja ya kutokutuma. Kata isiyotuma siku mbili mfululizo, siku ya tatu aende mtu wa pikipiki na vipimo vya haraka, pakiti za ORS na chupa za Ringer za kuwaanzishia wagonjwa wawili. Hiyo haihitaji akiba ya dunia.

Bwana Kasulu

Na vijiji vya mwambao?

Mwalo

Boti badala ya pikipiki. Mafuta yake yaandikwe kwenye bajeti ileile, siyo kuombwa siku ya msiba.